Pasikose Kibichi

Gerezani, Dar es Salaam
Kiangazi, kabla ya vuli

Kwa Kaka Abdulmalik,
Maskati.

Assalaam aleykum.

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu Mama alitulea hivyo na kwa sababu ulinitangulia kuzaliwa. Usitafute sababu nyingine. Sisi huku ni wazima kwa uwezo wa Mungu, ila goti langu la kushoto, linaniuma nikiinama. Natumai wewe, Wifi Nasreen na watoto hamjambo. Watoto sina ugomvi nao. Wape salamu za shangazi yao sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma, maana ukimaliza sidhani kama utakumbuka kusalimia mtu.

Utashangaa kuletewa barua zama hizi. Simu yako nimeifungia, hilo ulishaliona. Kwenye simu unaongea wewe, mimi naitikia, na kila nikifika penye neno lenyewe unasema mtandao mbaya, Chiku, tutaongea. Barua haina mtandao mbaya. Anakuletea Anfal, mtoto wa mama mdogo, na nimemwambia akukabidhi mkononi, asimpe mtu mwingine yeyote wa nyumba yako.

Naandika kwa sababu Azzam alipita kibandani kwangu. Wewe unamjua zaidi kuliko mimi, yule mfanyabiashara wa vitambaa wa Kariakoo uliyekuja naye siku ya arobaini ya Mama. Alikuja na adabu zake zote, akanunua hata boliti asizokuwa na kazi nazo, kisha akaniambia kwamba kijiko cha kuchimba msingi kinaingia uani kwetu mwezi ujao. Ati mmekubaliana kujenga stoo ya ghorofa. Ati umemhakikishia hakuna kitu pale ila kichaka cha dada yako, na kukikwangua ni kazi ya asubuhi moja. Kichaka! Nilimrudishia hela yake, nikachukua boliti zangu.

Sasa kaa kitako, Kaka, nikueleze hicho kichaka.

Mwaka ule masika yalipoangusha mabanda ya uani, Mama alikuwa Kisarawe anamuuguza dada yake. Ulituma hela ya kusafisha. Sikunyimi haki yako, ulituma. Mimi nikaita tipa, vijana wakazoa kifusi, wakasawazisha uwanja mpaka ukawa kama meza. Ukuta wa choo cha zamani ukaondoka, kisiki cha mpapai kikaondoka, hata lile jiwe kubwa la kufulia likaondoka. Nilikuwa najisifu moyoni, nikidhani Mama akirudi atanibusu mikono. Aliporudi alisimama kwenye mlango wa uani, akauliza jiwe la kufulia liko wapi. Nikamwambia limekwenda na kifusi. Akauliza kama vijana walichimba. Nikasema hawakuchimba, walikwangua juu tu. Akasema alhamdulillahi, kisha akakaa palepale kwenye kizingiti akalia. Na mimi kwa upumbavu wangu nikamwambia asilie, nitamnunulia mashine ya kufulia.

Aliponyamaza alisema anataka majani. Uwanja mzima, ukuta hadi ukuta. Hakutaka bustani ya mboga, hakutaka maua ya kwenye makopo, na saruji alisema nisimtajie. Halafu akaweka sharti moja, na hilo nakuandikia kama alivyolisema: “Pasikose kibichi, Chiku. Masika, kiangazi, pasikose kibichi.” Nilimuuliza kwa nini. Akasema nifanye tu. Na wewe unamjua Mama, akisema fanya tu, mlango wa maswali umefungwa na ufunguo kauficha.

Nikaanza kama mtu wa mjini anavyoanza. Nikanunua nyasi za mapande kando ya barabara, zile wanazopanda mahotelini, tukazitandika. Wiki za kwanza zilipendeza, watu wakaja kupiga picha. Kiangazi kilipoingia, maji ya bomba yakawa ya mgawo, nyasi zikageuka rangi ya mkate. Mama alikuwa anatoka na birika lake la kutawadhia anazinyunyizia fungu kwa fungu, anashika jani kwa vidole viwili, likivunjika anasema astaghfirullah. Nilidhani ni uzee. Nilimwonea huruma, na nitasema kweli, nilimwonea na hasira, maana maji ya birika lile nilikuwa nayanunua mimi.

Hapo ndipo Zamda alipoingia. Najua umekunja uso. Kunja. Zamda ulimwacha wewe, sisi hatukumwacha, na kwa Mama hakuacha kuja hata mwaka mmoja. Bado anakaanga mihogo yake karibu na kituo cha mwendokasi, na kila Ijumaa alikuwa anamletea Mama fungu, anakaa naye uani, wanazungumza kwa sauti ya chini. Umeniuliza mara nyingi yule mwanamke anatafuta nini kwetu. Leo utajibiwa, ila usinikimbize.

Zamda alitazama nyasi zetu zilizokufa, akaniambia nikaangalie zinazoota kando ya reli. Nikaenda. Jua ni lilelile, hakuna anayemwagia, moshi na vumbi la karakana ndiyo mvua yake, na bado ukifunua shina chini unakuta ubichi. Zamda akasema hizi ni nyasi za hapahapa, zilikuwapo kabla ya reli na kabla ya Gerezani yenyewe, mizizi yake inajua maji yalipo. Zile za kununua ni za kupigia picha.

Basi tukawa waokota mbegu. Wewe uliye na bustani ya kunyweshwa kwa mpira hujui mbegu ya nyasi inavyokutesa. Haziivi kwa pamoja. Hii inaiva masika yakianza kukatika, ile inasubiri kipupwe, nyingine ukichelewa siku mbili upepo umeshapita nayo. Tulikuwa tunakwenda na kanga, unashika suke unalivuta taratibu katikati ya vidole. Likikuachia mbegu, limeiva. Likishikilia, unaliacha lilivyo. Vijana wa gereji walidhani tunaokota vyuma chakavu, wakatufukuza mara mbili. Maua tuliyafuata Kisarawe kwa mama mkubwa, huko mashambani, yale madogo ya zambarau na ya manjano ambayo tukiwa watoto tulikuwa tunayakanyaga bila kuyaona.

Siku ya kupanda nikaja na jembe, Mama akalipokonya. Alisema tukwangue kwa reki juujuu, tuchanganye mbegu na mchanga mkavu, tumwage, halafu tukanyage kwa miguu mitupu mpaka zishikane na udongo. Viatu alituamuru tuviache mlangoni, kama tunaingia msikitini. Tukazunguka uwanja ule wanawake watatu, tunakanyaga, na mafundi wa kuchomelea wanatuchungulia juu ya ukuta. Allen, yule jirani mwenye gereji mliyekuwa mnacheza naye chandimu, akauliza kama ni ngoma ya mashetani, maana kama ni ngoma basi tungemwita na yeye apige debe.

Kisha nikaharibu. Nilitaka ziote haraka, nikamwaga samadi ya kuku gunia zima bila kuwauliza wenzangu. Zikaota haraka kweli, lakini si nyasi zetu. Ukaota mchicha pori wa kufika kiunoni, ikaota ndago mpaka kwenye nyufa za ukuta, na nyasi zetu zikawa vinyoya chini huko hazioni jua. Zamda akaniambia ardhi ya nyasi hizi haitaki kushibishwa, ikishiba gugu ndilo linalokula kwanza. Basi ikabidi tupalilie. Hebu fikiria, Kaka: mwanamke mzima wa Gerezani amechutama juani, anang'oa mchicha mnene wa kupika, anautupa nje, anabakiza nyasi. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Walisema nimerogwa. Wengine waliokota ule mchicha wakaenda kuupika, na kesho yake wakaja kunicheka wameshiba.

Wakapaita Mikumi. Kila asubuhi nikipita kwenda kibandani, Allen ananiuliza simba wameamkaje. Namjibu wameamka na njaa, akipata nafasi apite uani. Tulichekana hivyo mpaka siku vijana wake walipomwaga oili chafu ukutani ikapenya upande wetu, ikaunguza nyasi. Siku hiyo sikumtania. Niliyomwambia siyaandiki hapa, barua hii inabebwa na mtoto wa watu. Zamda alikwangua ule udongo wenye oili kwa mikono yake, kidogo kidogo, kama anayekwangua ukoko, anaupepeta kwanza kabla ya kuutia kwenye ndoo. Nilimuuliza anatafuta nini. Akasema hatafuti kitu.

Mtu akatusemea kwa bwana afya, kwamba tunafuga nyoka na mbu. Akaja na makaratasi yake na mdomo mrefu. Nikamzungusha. Maji yaliyotuama hakuona. Kivumbasi kilikuwa kimeshika ukuta wote wa nyuma, na unajua mbu anavyokichukia. Aliondoka na tawi la kivumbasi mfukoni na hatujamwona tena.

Mwaka wa kwanza nyasi hazikupita kifundo cha mguu. Nikataka kuacha, Mama akasema zinajenga chini kwanza. Mwaka wa pili zikanyanyuka. Wa tatu, Kaka, wallahi sikuamini kama ule ni uani kwetu. Unatoka kwenye makelele ya grainda na honi, unafungua mlango wa uani, unakuta nyasi zimekufika kifuani, zinainama kwa pamoja upepo ukipita, na ndani yake kongwe, yale majani ya kutambaa, wanachanua buluu, na yale ya zambarau, na ya manjano. Ndege wadogo wanaokula mbegu, ambao sikuwaona Gerezani tangu utoto wetu, wakarudi sijui kutoka wapi. Mama alikuwa anatolewa kiti chake asubuhi, anakaa kimya, midomo inacheza tu.

Na kibichi hakikukosekana. Tulijifunza kuwapanga wapokezane. Masika yakiisha kongwe anachoka, zile nyasi ndefu zinashika zamu. Zikikauka juu, ukoka chini bado uko hai. Kiangazi kikikaza kabisa kunabaki yale majani ya maua ya zambarau, jina lake halisi hatulijui, Zamda anayaita wavumilivu, ambayo mizizi yake imekwenda chini hatuwezi kuiona mwisho. Tunafyeka mara moja kwa mwaka kwa mundu, kabla ya masika, mbegu zikishadondoka. Tena tunafyeka nusu tu. Mwaka mmoja upande wa kibla, mwaka mwingine upande wa reli, ili upande mmoja ubaki umesimama. Majani yaliyokatwa tunayatoa kwa mkokoteni, anachukua mfuga mbuzi wa Ilala. Hatuchomi moto, hatuchimbi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya hicho unachokiita kichaka.

Mama alifariki masika, maua yakiwa wazi. Unajua desturi ya msiba: kabla maiti hajaoshwa, vijana wameshaanza kusafisha uwanja wafunge turubai. Mimi nilikuwa ndani na Mama. Wewe uko Maskati ukampigia Allen, ukamwambia afyeke uani watu wapate pa kukaa. Allen simlaumu, jirani akiambiwa na mwenye msiba atafanya nini? Alikuja na mashine ya kufyekea na watu wawili, wakaanza. Nyasi zilikuwa kwenye maua, hata mbegu moja haijashika. Nusu ya uwanja ilishalala chini Zamda aliposikia mlio ule kutoka jikoni.

Alitoka na mikono yake imejaa unga. Akaingia katikati ya nyasi zilizobaki, akaketi chini, akajifunika kanga kichwani, akasema: “Nifyekeni mimi kwanza.” Hakupiga kelele. Allen akazima mashine. Wanawake wakaja kumshika, akawa mzito kama gunia la chumvi, hakuinuka. Wengine wakasema ni mapenzi ya mkwe, wengine wakasema mwanamke aliyeachwa anataka kujionyesha kwenye msiba wa watu. Mwishowe mikeka ikatandikwa barabarani, na watu wakaketi huko kwenye vumbi. Mmoja wao alipiga video akaituma kwenye kundi la ukoo. Nawe ukajibu mbele ya ukoo mzima kwamba huyo kichaa atolewe nje. Nimelihifadhi jibu lako. Hulikumbuki? Mimi nalikumbuka.

Ukaja siku ya arobaini. Hitma haijaisha kusomwa vizuri, harufu ya pilau bado iko hewani, wewe na Azzam mmeshaingia uani na viatu vyenu, mnavuta kamba ya kupimia. Mkapigilia vigingi vyekundu pembe nne na kimoja katikati, kwa nyundo. Nilisimama mlangoni nikakuita, ukaniambia mambo ya viwanja ni ya wanaume. Jioni yake ukaenda uwanja wa ndege. Kesho Zamda akaja akaviona vigingi. Alivitazama kimoja kimoja, akaishia kile cha katikati. Akaving'oa vyote. Ulipiga simu wiki nzima ukiuliza nani kaning'olea vigingi, nami nikakwambia ni mimi. Sikuwa mimi. Siku ile, akiwa amevikumbatia vigingi vile kifuani, ndipo aliponiambia lililokuwa baina yake na Mama.

Sasa soma taratibu.

Ulipoondoka kwenda Maskati ulimwacha Zamda na mimba. Hilo unalijua. Unajua pia kwamba mimba haikufika, kwa sababu Mama alikupigia simu akakwambia. Nataka ukumbuke ulichouliza. Hukuuliza kitu. Ulisema ni kudra ya Mungu, na Zamda hata hajapata nguvu za kusimama ukatuma talaka kwa mdomo wa Mjomba, kwa kuwa wazee wa Nasreen hawakutaka uke wenza. Hukuuliza alikuwa wa kiume au wa kike. Hukuuliza amelazwa wapi. Mimi nilikuwa nimeolewa Tanga wakati ule, nikaambiwa kwa juujuu tu.

Alikuwa wa kiume. Alikuwa ametimia, kucha zake na nywele zake. Hakulia. Na mtoto asiyelia, wanawake wa kwetu hawakuwa wakimpeleka makaburini. Walimwosha wenyewe, wakamvisha kitambaa cheupe, wakamzika uani, na wanaume hawaulizi. Mvua ilikuwa inanyesha. Mama alimchimbia mwenyewe, mahali fulani baina ya jiwe la kufulia na mpapai. Zamda alikuwa kitandani, hakuweza kuinuka kwenda kuona. Alimpa jina la babu yetu, Mwinyimvua. Kisha akamwapisha Mama: huyo baba yake akiuliza, aambiwe, asipouliza, asiambiwe. Mama alikaa na kiapo hicho mpaka anaingia kaburini, anakusubiri uulize.

Jiwe la kufulia nililiondoa mimi, kwa hela yako. Kisiki cha mpapai nilikiondoa mimi, kwa hela yako. Mama aliporudi hakuwa tena na alama ya kumwambia ni hapa au ni pale, na ndiyo maana alitaka majani uwanja mzima. Mimi na wewe tuliketi mkeka mmoja chuoni tukafundishwa kwamba jani bichi juu ya kaburi linamsabihi Mola, maiti akapunguziwa adhabu, na likikauka linanyamaza. Ndiyo sababu ya pasikose kibichi. Zamda anasema siku moja ustadhi alimkumbusha Mama kwamba mtoto hana dhambi, hana adhabu ya kupunguziwa. Mama akamjibu kwamba hilo analijua, hakuotesha kwa ajili ya adhabu. Hakutaka tu mjukuu wake alale peke yake katikati ya makelele ya gereji.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Wewe ni mzazi. Hebu tuone kama unaujua.

Mirathi naijua, usinitumie shehe wa kunifundisha: wewe mafungu mawili, mimi moja. Hilo langu moja liwe uani. Fremu za mbele chukua zote, na chumba changu ninacholala ongeza, nitapanga Buguruni. Azzam ajenge mbele mpaka afike mawinguni. Nimeshamwambia maneno haya mbele ya mjumbe, na alikubali kusubiri neno lako. Kwa hiyo usije ukasema imeshindikana. Imebaki kwako peke yako.

Zamda ndiye aliyeniruhusu kukuandikia. Usidhani amekuonea huruma. Nilimuuliza mara ya pili ili nisikosee, akaniambia: “Mwandikie. Akishajua, chochote atakachofanya atakuwa amekifanya anajua.”

Basi kijiko kikija, kije na wewe. Usimtume Azzam, usimpigie Allen. Panda ndege, simama kwenye kile kizingiti alichokalia Mama, umwoneshe dereva pa kuanzia kuchimba. Sisi hatuwezi kumwonesha, maana hatujui mwanao alipo. Aliyejua tumeshamzika, na hukuwahi kumuuliza.

Ule upande alioufyeka Allen umerudi. Haukurudi kwa mbegu, mbegu hazikuwapo; umerudi kwa mizizi, na wiki hii wavumilivu wamechanua. Ukija kwa jambo lingine, zamu ya upande wa kibla ni kabla ya masika. Mundu wa Mama upo, hauna mtu. Viatu utaviacha mlangoni.

Nisalimie Wifi Nasreen, kosa si lake. Watoto nilishawasalimia juu. Waambie walikuwa na kaka yao mkubwa, au usiwaambie. Hilo sasa ni lako.

Zamda hakukusalimu.

Wasalaam,
dada yako wa tumbo moja,
Chiku binti Abubakary